Mto Watarase na Ghuba ya Minamata

Katika parokia yetu kuna kijana mmoja, mchimbaji wa zahabu, ambaye huuliza maswali mengi wakati wa mafundisho. Jioni moja tulikuwa tukieleza amri ya tano. Tulisema kwamba mtu aweza kumwua mwenziwe pole pole, bila kisu wala rungu, kwa kumtilia uchafu katika maji anayokunywa. Yule kijana akasimama akasema: « Mwalimu, tazama gari zinazopita katika njia yetu. Karibu zote zimetoka Japani. Nao Wajapani, nasikia, walianza na moshi na uchafu, kisha wakatajirika, kisha wakasafisha nchi yao. Basi na sisi mtuache tutajirike kwanza. » Wenzake walicheka, wengine wakapiga makofi. Nasi, kusema kweli, hatukuwa na jibu la kumpa.

Tangu siku ile tumetafuta habari za Japani katika vitabu tulivyoweza kuvipata. Tumeona kwamba kijana yule alisema nusu ya kweli. Ni kweli walianza na moshi. Ni kweli walitajirika. Ni kweli tena kwamba mito yao mingi leo ina samaki. Lakini katikati ya maneno hayo matatu wamelala watu wengi, na hao ndio tunaotaka kuwaonyesha wasomaji wetu.

Habari yenyewe yaanza na shaba, na jambo hili litawaingia vizuri ndugu zetu wa Katanga. Sisi tulisoma seminari upande ule. Siku za matembezi tuliona kule Lubumbashi mlima mweusi wa takataka za shaba, na bomba refu la moshi, mahali ambapo tanuru liliwashwa mara ya kwanza mwaka 1911. Tulipokuwa vijana tulidhani mlima ule uliumbwa na Mungu pamoja na milima mingine! Mtu anayezaliwa karibu na kitu hakiulizi kimetoka wapi.

Basi, mwaka 1868 wakubwa wa Japani waligeuza utawala wa nchi yao na kumrudishia Kaisari Meiji enzi. Walikuwa na hofu moja kubwa. Waliona nchi za Ulaya zikitwaa nchi za wengine moja baada ya moja, wakasema: tusipokuwa na merikebu za chuma, bunduki na viwanda kama wao, nasi tutatwaliwa. Hofu hiyo haikuwa ya bure, na sisi watu wa Kongo hatuwezi kuwacheka kwa ajili yake. Lakini bunduki na mashini hununuliwa kwa fedha, na fedha hupatikana kwa kuuza kitu. Wajapani walikuwa na hariri, walikuwa na shaba.

Kaskazini ya mji wa Tokyo, katika jimbo la Tochigi, kuna milima ya Ashio. Shaba ilichimbwa huko tangu mwanzo wa miaka ya 1600, ila ilikuwa imepungua sana. Mwaka 1877 mfanyabiashara Furukawa Ichibei aliununua mgodi huo, na watu walimwona kama mtu anayenunua chungu kilichopasuka. Baada ya miaka michache, mwaka 1881 na tena mwaka 1884, wachimbaji wake waligusa mishipa ya shaba iliyo tajiri sana. Upesi Ashio ikawa mgodi mkubwa wa shaba kuliko yote ya Japani. Mwaka 1890 ulikuwa na umeme wake uliotoka katika nguvu ya maji. Maelfu ya watu walipata kazi, na mji ukaota mlimani.

Tanuru lina tumbo kubwa. Miti ya milima ile ilikatwa, mingine kwa kushikilia paa la mashimo, mingine kwa makala. Na ile iliyobaki iliuawa na moshi, kwa kuwa mawe ya shaba yana kiberiti ndani yake, na kiberiti kikichomwa hutoa moshi mkali unaokausha majani. Kijiji cha Matsugi, kilichokuwa juu ya matanuru, kilipoteza mikuyu yake ya hariri, kisha mashamba, kisha watu wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 kilikuwa kimekwisha. Milima ikabaki mawe matupu.

Sasa tazameni namna msiba unavyoshuka mlimani. Chini ya Ashio unapita mto uitwao Watarase. Zamani wakulima wa bondeni hawakuogopa sana mafuriko yake. Maji yalileta udongo mweusi kutoka msituni, na mwaka uliofuata mpunga ulistawi bila samadi. Lakini msitu ukiisha, hakuna cha kuyazuia maji ya mvua, na badala ya udongo mzuri yalibeba takataka za mgodi. Kwanza samaki walikufa, na wavuvi wakaacha kazi yao. Kisha mwezi wa Agosti 1890 yakaja mafuriko makubwa, yakafunika mashamba ya majimbo mawili kwa matope yenye sumu. Mwaka 1896 yakarudi, tena kwa ukali zaidi. Mpunga uliopandwa mahali pale ulikauka ungali mchanga. Watu waliokuwa wakilisha mji mkuu wakaanza kuomba chakula.

Katika bonde lile alikuwako mtu mmoja aitwaye Tanaka Shozo, aliyezaliwa mwaka 1841, mwana wa mkuu wa kijiji. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na hasira ya haraka, mwenye kuvaa ovyo. Mwaka 1890 Japani ilipofungua Bunge lake la kwanza, yeye alichaguliwa. Mwezi wa Desemba 1891 alisimama akaiuliza serikali: sheria yasema kwamba mgodi unaodhuru watu waweza kusimamishwa, mbona huu hausimamishwi? Waziri aliyehusika na mambo ya migodi, Mutsu Munemitsu, alijibu kwamba sababu ya madhara hayo bado haijajulikana hakika. Wasomaji wajue hili pia: mwana wa pili wa waziri huyo alikuwa amechukuliwa na Furukawa Ichibei awe mwanawe na mrithi wake. Hatusemi zaidi.

Wakati huohuo watu wa kampuni walipita vijijini na karatasi. Walitoa fedha kidogo kwa kila mwenye shamba, na mwenye shamba akaweka muhuri wake akikubali kutodai tena. Karatasi za kwanza zilihesabu miaka michache. Zile za miaka ya 1895 na 1896 zilisema: kwa milele. Mtu ambaye watoto wake wana njaa huweka muhuri wake po pote. Wasomaji wasiisahau karatasi hii, maana tutaikuta tena mbele.

Ilipoonekana kwamba maneno ya Bunge hayasikiwi, wakulima walianza kwenda Tokyo kwa miguu, maelfu kwa pamoja, wamevaa makoti ya majani na kofia za mvua. Mwaka 1897 serikali ilishtuka. Iliamuru mgodi uchimbe mabwawa ya kutulizia matope na kujenga mnara wa kusafishia moshi. Mabwawa yalisaidia kidogo. Mnara haukufaa kitu. Tarehe 13 Februari 1900 wakulima waliondoka tena, na mahali paitwapo Kawamata askari waliwangoja. Waliwapiga, wakawakamata wengi na kuwapeleka mbele ya mahakama. Tanaka alikwenda kusikiliza kesi yao. Mwendesha mashtaka alisema maneno marefu, na Tanaka akapiga mwayo mkubwa katikati yake. Kwa ajili ya mwayo huo naye akashtakiwa kwamba amedharau mahakama, na mwaka 1902 akafungwa siku kama 40. Humo kifungoni alipewa Agano Jipya, akalisoma, na tangu siku zile hakuliacha tena.

Lakini kabla ya kifungo hicho alikuwa amekwisha kufanya jambo kubwa zaidi. Mwezi wa Oktoba 1901 aliacha kiti chake cha Bunge. Tarehe 10 Desemba, Kaisari alipokuwa akirudi kutoka Bungeni katika gari lake la farasi, Tanaka, mzee wa karibu miaka 60, alitoka mbio katikati ya watu, ameshika barua juu, akilia kwamba ana ombi. Alijua kwamba jambo hilo laweza kumletea kifo. Askari walimwangusha kabla hajafika. Wakubwa wakafikiri: tukimshtaki, nchi nzima itauliza barua ilisema nini. Wakasema ni mzee aliyerukwa na akili, wakamwachilia jioni ile ile. Hata hivyo magazeti yaliichapa barua, na wanafunzi wa Tokyo wakaanza kwenda Watarase kutazama kwa macho yao.

Serikali basi ilitafuta dawa, na dawa yenyewe ilikuwa hii: haikuufunga mgodi, ikafunga kijiji. Pale ambapo Watarase unakaribia mto mkubwa Tone kilikuwako kijiji cha Yanaka. Waliamua kugeuza mahali pale kuwa bwawa la kupokea mafuriko, ili sumu isishuke mpaka karibu na mji mkuu. Tanaka alihamia Yanaka mwaka 1904 akakaa na wale waliokataa kuondoka. Mwaka 1906 jina la kijiji lilifutwa. Mwaka uliofuata, wakati wa mvua, wafanyakazi walikuja na askari wakavunja nyumba 16 za mwisho, moja baada ya moja, wenyewe wakitazama. Wengine walijijengea vibanda juu ya vifusi wakaendelea kukaa. Jamaa nyingine za bonde lile zilipelekwa mbali sana kaskazini, katika kisiwa cha Hokkaido chenye baridi kali, waanze upya.

Tanaka Shozo alikufa tarehe 4 Septemba 1913 katika nyumba ya mkulima aliyempokea njiani. Mali yake yote ilikuwa mfuko mmoja wa nguo. Ndani walikuta Agano Jipya, katiba ya nchi, madaftari aliyoandika mambo ya kila siku, na vijiwe vichache alivyookota mtoni.

Na mgodi? Mgodi uliendelea. Moshi wake ulipata dawa ya kweli mwaka 1956, wakati tanuru la namna mpya lilipoanza kukamata kiberiti na kukigeuza kuwa asidi ya kuuza. Mwaka 1958 ukingo mmoja wa takataka ulipasuka, na mashamba ya bondeni yakapata sumu tena. Uchimbaji ulikoma mwaka 1973. Mwaka 1974, miaka 83 baada ya swali la Tanaka Bungeni, kampuni ilikubali mbele ya baraza la serikali kuwalipa wakulima wa Watarase fidia kubwa. Wajukuu walipokea kilichodaiwa na mababu. Katika milima ya Ashio watu wanapanda miti hata leo, wengine wakibeba udongo mgongoni, maana hauwezi kupanda mti juu ya jiwe.

Miaka ya vita tutaipita upesi. Japani ilishindwa mwaka 1945, miji yake ikiwa majivu, kisha ikainuka kwa haraka ambayo ulimwengu haukuwa umeiona. Katika miaka ya 1960 utajiri wake ulikua kiasi cha sehemu 10 kwa 100 kila mwaka. Watu walijivunia mabomba ya moshi kama sisi tunavyojivunia mnara wa kanisa jipya. Ndipo yakatokea mambo ya Minamata.

Minamata ni mji mdogo kando ya bahari, kusini ya Japani, katika kisiwa cha Kyushu. Tangu mwaka 1908 kulikuwa na kiwanda cha kampuni ambayo baadaye iliitwa Chisso. Mji mzima ulikula kwa kiwanda: kodi ilitoka humo, lopitali ilikuwa ya kiwanda, na kijana aliyepata kazi humo alionekana amebarikiwa. Tangu mwaka 1932 kiwanda kilitengeneza dawa iitwayo asetaldehidi, na katika kuitengeneza kilitumia zebaki. Maji yaliyobaki yalimwagwa katika ghuba. Ndani ya maji hayo zebaki ilikuwa imegeuka sura, imekuwa ya namna ambayo huingia mwilini na kupanda mpaka ubongo. Wadudu wadogo wa baharini waliimeza, samaki wakawala wadudu, samaki wakubwa wakawala wadogo, na kila hatua sumu ikaongezeka. Wavuvi wa pale walikuwa maskini, wakila samaki asubuhi, mchana na jioni, kama watu wa kando ya Tanganyika wanavyokula dagaa.

Paka walianza. Katika miaka ya 1950 paka wa vijiji vya wavuvi walizunguka kama walevi, wakaruka, wakaanguka baharini. Kunguru walianguka kutoka angani. Watu wengine walicheka, wakasema paka wanacheza ngoma. Mwezi wa Aprili 1956 mtoto mmoja wa kike wa miaka 5 aliletwa lopitali ya kiwanda. Hakuweza kutembea vizuri wala kushika kijiti cha kulia. Siku chache baadaye akaletwa mdogo wake wa miaka 2 na ugonjwa ule ule. Tarehe 1 Mei 1956 mganga mkuu wa lopitali hiyo, Hosokawa Hajime, alipeleka habari kwa ofisi ya afya kwamba kuna ugonjwa wa ubongo usiojulikana. Watu waliogopa kwamba waambukiza. Majirani waliacha kuwatembelea wagonjwa, na wenye maduka hawakutaka kupokea fedha mkononi mwao. Namna hiyo aliyekwisha kupigwa na sumu alipigwa mara ya pili na jirani yake. Tukiwa wakweli, tumeyaona hayo hata kwetu, wakati wa magonjwa mengine.

Mwezi wa Septemba 1958 kampuni ilihamisha mfereji wake, badala ya kumwaga ghubani ikamwaga katika mdomo wa mto. Kumbe ilikuwa kama kutawanya mbegu: baada ya muda ugonjwa ukaonekana katika vijiji vipya kando ya bahari. Mwaka 1959 waganga wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitangaza kwamba ni zebaki. Kampuni ilikana. Lakini mganga Hosokawa, mtu wa kampuni yenyewe, alikuwa akifanya majaribio kimya kimya. Alichukua maji machafu ya kiwanda, akayachanganya na chakula cha paka mmoja aliyeandikwa nambari 400. Mwezi wa Oktoba 1959 paka yule akaanza kuzunguka na kutetemeka kama wale wa vijijini. Hosokawa aliwaambia wakubwa wake. Wakubwa walimzuia kuendelea, na neno hilo halikutoka nje.

Tumefikiri mara nyingi juu ya Hosokawa. Ni yeye aliyepiga mbiu ya kwanza, kisha ni yeye aliyenyamaza, wakati neno lake moja lingeweza kuokoa wengi. Mwaka 1970, akiwa kitandani na ugonjwa uliomwua mwaka ule ule, aliwaambia mahakimu habari ya paka nambari 400. Sisi hatuna haki ya kumhukumu, lakini hatuwezi pia kusema kwamba miaka ile 11 haikuwa kitu.

Mwezi wa Desemba 1959 ile karatasi ya Watarase ikarudi. Kampuni iliwapa wagonjwa fedha iliyoitwa ya pole: kwa mtu aliyekufa, yen 300,000. Nao wakatia sahihi kwamba hata ikijulikana baadaye kuwa kosa ni la kiwanda, hawatadai tena. Kumbukeni kwamba kampuni ilikuwa imekwisha kuambiwa habari ya paka! Mwezi ule ule ilizindua mashini ya kusafishia maji, kwa sherehe, na watu wakaamini kwamba mambo yamekwisha. Mashini ile haikutengenezwa kwa kutoa zebaki. Maji yaliendelea kumwagwa mpaka Mei 1968, wakati kiwanda kilipoacha kutengeneza dawa ile kwa njia ya zebaki. Miezi minne baadaye, tarehe 26 Septemba 1968, serikali ikasema wazi kwamba kiwanda ndicho kilicholeta ugonjwa. Upande wa Niigata, katika bonde la mto Agano, kiwanda cha kampuni nyingine kilikuwa kimeleta ugonjwa ule ule, nao ulitangazwa mwaka 1965. Kama Minamata ingesikiwa mwaka 1959, watu wa Agano wasingeupata.

Kuna jambo moja ambalo akina mama wa parokia yetu walilisikiliza kuliko yote. Katika vijiji vile walizaliwa watoto waliopooza na wasioweza kusema, ambao hawakuwa wamekula samaki hata mmoja. Mama zao walionekana wazima. Wakati ule waganga waliamini kwamba sumu haiwezi kupita kutoka kwa mama mpaka kwa mtoto tumboni. Mama mmoja alisisitiza kwamba yeye alikula samaki na mtoto ameichukua sumu yote. Mwaka 1962 ilikubaliwa kwamba wamama walisema kweli. Na baadaye mganga Harada Masazumi alipata ushahidi mahali ambapo hakuna aliyepafikiria. Wajapani wana desturi ya kukausha kitovu cha mtoto na kukihifadhi nyumbani katika kisanduku kidogo. Harada alivikusanya vitovu vile, vikapimwa, na zebaki ikaonekana ndani yake, mwaka kwa mwaka, kwa kadiri kiwanda kilivyoongeza kazi yake. Sisi tulio na desturi zetu juu ya kitovu cha mtoto hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Tarehe 20 Machi 1973 mahakama ya Kumamoto iliwapa wagonjwa haki, ikasema kwamba karatasi ya mwaka 1959 haina nguvu kwa kuwa inapinga adili. Hata wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wamegeuka: mwaka 1968 chama chao kimoja kilitangaza kwamba kinaona haya kwa kutowapigania wagonjwa. Tangu mwaka 1977 mpaka 1990 matope ya ghuba yalivutwa kutoka chini ya maji na kufukiwa, yakafanya uwanja wa hektari 58. Kazi hiyo iligharimu yen zipatazo bilioni 48. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba samaki wa Minamata wanafaa kuliwa, na nyavu zilizofunga mdomo wa ghuba zikaondolewa. Wagonjwa waliokubaliwa rasmi upande wa Minamata ni zaidi ya 2,200, na maelfu mengine walipata msaada bila kupewa jina hilo. Mwaka 2004 mahakama kuu ya nchi ilisema kwamba serikali yenyewe ina hatia kwa kutozuia. Kesi nyingine zingali mbele ya mahakama, na wale waliozaliwa na sumu sasa ni wazee.

Mambo mengine tutayagusa tu. Katika bonde la mto Jinzu mgodi wa zinki ulimwaga kadimiamu katika maji ya mpunga, na mifupa ya wanawake wazee ikavunjika hata kwa kukohoa. Ugonjwa wao uliitwa kwa kilio chao, « itai, itai », maana yake « naumia, naumia ». Kule Yokkaichi viwanda vya mafuta ya petroli vilileta pumu, na mwaka 1972 wagonjwa walishinda kesi. Na katika mji wa Tobata, akina mama waliochoka kuona nguo walizoanika zikigeuka nyeusi walipima vumbi wenyewe, wakaenda kwa waganga na walimu kujifunza, na mwaka 1965 wakatengeneza filamu wakionyesha hewa wanayopumua watoto wao. Waume wao wengi walifanya kazi katika viwanda hivyo hivyo! Tunadhani ushujaa wa kubishana na kampuni ni mdogo kuliko ule wa kubishana na mume juu ya mshahara wake.

Mwishoni mwa mwaka 1970 Bunge la Japani lilikutana kwa ajili ya jambo hili moja, likapitisha sheria 14, na mwaka 1971 ikafunguliwa ofisi ya serikali ya kulinda maji, hewa na ardhi. Tangu hapo moshi ulipungua kweli, na viwanda havikufa. Ndiyo sehemu ambayo kijana wetu alikuwa ameisikia.

Tulipomjibu, tulimpa hesabu. Mwaka 1991 wataalamu waliokusanywa na ofisi hiyo walilinganisha gharama za Minamata. Waliona kwamba madhara yaligharimu yen zipatazo bilioni 12.6 kila mwaka, na kwamba kuzuia sumu kungaligharimu kama milioni 123 tu kila mwaka. Ni kama mtu aliyekataa kununua kufuli ya franka moja akaibiwa mia. Tena tulimwambia hivi: waliotajirika kwanza si wale waliolipa. Furukawa alipata shaba, Yanaka ikapata maji. Ukisema « tutajirike kwanza », ni nani huyo « sisi »?

Hapo ndipo maneno yalipoingia nyumbani mwetu. Mwezi wa Oktoba 2013, kule kule Kumamoto, mataifa yalitia sahihi mapatano juu ya zebaki, nayo yakapewa jina la Minamata. Yakaanza kuwa na nguvu tarehe 16 Agosti 2017. Mapatano hayo yataja waziwazi wachimbaji wa zahabu wa mkono. Wasomaji wa Kivu, Maniema na Ituri wanajua kazi yenyewe. Akina mama hutwanga mawe, unga huoshwa, kisha mtu hutia zebaki katika karai na kuikanda kwa vidole ishike vumbi la zahabu. Huikamua katika kitambaa. Kidonge kinachobaki huwekwa motoni, zebaki ikaruka kama moshi usioonekana, zahabu ikabaki. Mara nyingi moto huo ni ule wa jikoni, na sufuria ni ya kupikia bukari. Sumu yetu si sawasawa na ile ya Minamata: kule ilitoka kiwandani ikiwa imekwisha kugeuka sura, hapa kwanza huingia kwa pumzi. Lakini inayoanguka mtoni hugeuzwa na vijidudu vya matope kuwa ya namna ile ile, na samaki wetu wanaila.

Kijana hakupiga makofi safari hii. Aliuliza kama kuna namna ya kuchoma zebaki bila kuivuta. Tukamwambia kwamba ipo: chombo cha chuma chenye kifuniko na mrija, moshi unapoa ndani ya mrija, na zebaki hurudi tone kwa tone katika maji, mtu akaitumia tena. Akasema kwamba zebaki ni ghali, na kwamba hilo la kuitumia tena wenzake watalisikia upesi kuliko habari za paka. Pengine ana haki.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, mkubwa wa shimo, ambaye wachimbaji humwita PDG, alikubali kukaa nasi chini ya mwembe pamoja na wazee na akina mama wanaotwanga. Palikuwa na ugomvi. Akina mama walitaka mahali pa kuoshea pahamishwe chini ya kisima, si juu yake kama palivyo sasa. PDG alisema kwamba kubeba mawe mpaka kule kutampotezea siku mbili kwa juma. Mama mmoja mzee, ambaye hajui kusoma, akamwuliza: « Mwanangu, nawe mke wako huchota maji wapi? » PDG aliinama akatazama viatu vyake. Chombo chenye kifuniko kimeagizwa kwa fundi wa vyuma, kimoja kwanza, cha kujaribu. Juu ya kisima tutakutana tena mwezi ujao.